Kidimbwi Kando ya Ziwa

Miaka ile Ziwa Naivasha lilikuwa limerudi nyuma. Nilipoajiriwa na bwana mmoja Mzungu, wenyeji wa shamba walinionyesha mahali maji yalipokuwa yakifika zamani, chini kidogo ya bustani ya nyumba kubwa. Palikuwa na gati la mbao la kufungia mashua, limesimama nchi kavu, na ndama walikuwa wakijikuna kwenye nguzo zake. Ukitaka kuyafikia maji yenyewe ulivuka uwanda wa majani makavu, kisha matope, kisha ukuta wa mafunjo marefu kuliko mtu aliyepanda farasi.

Jambo hili lilimuumiza sana memsabu, mke wa bwana. Bwana alikuwa amemtoa Ulaya kwa ahadi ya nyumba iliyo ukingoni mwa maji, na kwa muda mfupi ahadi hiyo ilikuwa kweli. Sasa kila wageni walipokuja kunywa chai aliwapeleka hadi mwisho wa bustani, akanyoosha mkono kuelekea wale ndama na kuwaeleza lilivyokuwa ziwa. Wageni walitikisa vichwa kama watu waliofika matangani.

Bwana alikuwa mrefu, mwembamba, askari mstaafu, na aliamini hakuna kitu duniani kisichoweza kutengenezwa kwa spana. Alilima vitunguu na lusini ya kulisha ng'ombe wa maziwa. Alikuwa amenunua trekta ndogo ya kijivu ili aachane na ng'ombe wa kukokota jembe, na mimi ndiye niliyekuwa dreva wake. Udereva nilijifunza jeshini wakati wa vita, kwenye malori, katika matope ya Burma. Niliporudi kwetu Maragoli nilikuta shamba la baba limegawanywa hadi kila ndugu ana kipande cha kutosha kusimama tu, na ukitaka kulala ubishe hodi kwa jirani. Nikamchukua mke wangu tukashuka Bonde la Ufa kutafuta kazi.

Siku moja bwana alinikuta ninapaka trekta grisi.

"Dreva, iko kazi. Memsabu nataka maji."

"Maji iko tangini, bwana. Nilijaza asubuhi."

"Hapana ya kunywa," akasema. "Ya kuangalia."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Akanipeleka nyuma ya nyumba, kati ya mlango wa jikoni na kiwanja cha nyasi, akachukua ndoo ya majivu akachora mstari mweupe juu ya ardhi, akizunguka kinyumenyume huku memsabu akimwelekeza kutoka barazani. Walibishana kwa Kiingereza, wakafuta, wakachora tena. Walipomaliza, mpishi alitoka jikoni na sufuria mkononi akautazama mchoro ule.

"Figo," akaninong'oneza. "Wamechora figo."

Huyu mpishi alikuwa Mkamba, mnene, msafi kupita kiasi, na ndiye mtu pekee pale shambani aliyekuwa na maoni juu ya kila jambo. Nilimwambia ni bwawa. Aligeuka akatazama upande wa ziwa, ambalo lilikuwa liking'aa pale pale mbele yetu, kubwa hadi upeo wa macho. Akanitazama tena.

"Sawa," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Ningependa kusema tulicheka sana siku ile, lakini hali haikuwa ya kucheka. Serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari kwa sababu ya wapiganaji waliojificha misituni, na kila Mkikuyu alishukiwa kuwa upande wao. Kazi kama ile, miezi michache tu nyuma, ingefanywa na watu kwa majembe, na watu hao wangeongozwa na mtunza bustani, Mkikuyu, mmoja wa maskwota, wakazi wa shamba wasio na ardhi yao, aliyezaliwa pale pale kabla bwana hajafika. Asubuhi moja malori yalikuja, Wakikuyu wote wa shamba wakapakiwa na masufuria na magodoro yao, wakarudishwa katika rizavu, eneo lililotengewa kabila lao, ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Mtunza bustani aliniachia mkasi wake wa kukatia maua akaniambia niupake mafuta. Memsabu hakutoka. Mpishi alisema kichwa kilikuwa kinamuuma. Kwa hiyo mikono ya kuchimba haikuwepo, na ndiyo maana kazi ikapewa trekta.

Nilifunga nyuma ya trekta kitu kama karai kubwa la chuma lenye mdomo mkali. Ukirudi nyuma unalishusha, ukienda mbele linakwangua udongo na kujaa, kisha unaliinua unaenda kumwaga. Udongo wa kule juu ni laini, nusu jivu la volkano, ukiugusa unapanda angani. Kufikia saa sita nilikuwa mweupe kama mzimu na nguo zote za memsabu zilizoanikwa kambani zilikuwa zimegeuka rangi ya trekta. Lakini kazi ilikwenda vizuri. Shimo lilizama, likapata umbo lake la figo, na bwana alikuwa akija kila mara, mikono mfukoni, akilitazama kwa furaha ya mtoto.

Shimo lilipozama hadi kiunoni mwa mtu, askari wa doria walikuja. Land Rover ilisimama, akashuka afisa kijana wa Kizungu, uso umebabuka kwa jua, na askari nyuma yake na bunduki. Alizunguka ukingo wa shimo taratibu. Nilizima injini nikavua kofia.

"Hii shimo ya nani?"

"Ya memsabu, bwana."

"Nani nalala ndani?"

"Bata, bwana. Lakini bado hawajafika."

Sikukusudia utani. Ndivyo nilivyoambiwa, kwamba bata wataletwa kutoka Nakuru. Lakini masikioni mwa yule kijana, aliyekuwa amekesha siku nyingi akitafuta mahandaki msituni, nilikuwa ninamchezea. Akaniamuru nikae chini, mikono kichwani. Akachukua kipande changu, cheti changu cha kazi, akakitazama mbele na nyuma. Askari mmoja akaruka ndani ya shimo akaanza kugonga kuta kwa kitako cha bunduki, akitafuta mlango wa siri. Mpishi alikuwa akichungulia dirishani na sikuona akifanya haraka ya kuja kunitetea, nami sikumlaumu.

Nilikaa hivyo mpaka bwana alipofika kutoka kwenye vitunguu. Kiingereza changu cha jeshini kilitosha kuelewa waliyozungumza. Bwana alieleza ni bwawa la kupamba bustani. Afisa aliuliza la kufugia samaki? La, la kupamba. Kijana aliinua kichwa akalitazama ziwa kwa muda mrefu. Kisha akalitazama shimo. Kisha akamwangalia bwana usoni, na nikaona kwa mara ya kwanza tangu afike kwamba hasira imemtoka na badala yake umeingia wasiwasi wa namna nyingine.

"But the lake, sir," akasema.

Bwana akamjibu kwamba ziwa lilikuwa mbali mno. Afisa akanirudishia kipande changu kwa upole sana, kama mtu anayempa pole yaya wa nyumba yenye mgonjwa.

Baada ya hapo tulikutana na maji. Hakuna aliyelazimika kuyaleta, yalianza kutoka chini yenyewe, kwanza kama jasho, halafu kama chemchemi. Bwana alifurahi sana, memsabu akapiga makofi, nami nikahisi magurudumu ya nyuma yanakosa pa kukanyaga. Nilisimama nikasema nadhani trekta itakwama.

"Toka," bwana akasema. "Mimi naonyesha wewe."

Akapanda, akatia gia, akakanyaga mafuta. Magurudumu yalizunguka kwa bidii mahali pamoja hadi trekta ikakalia tumbo lake. Aliendelea kukaa pale juu, maji yakimzunguka polepole, akajaza kiko chake tumbaku na kukiwasha. Alipokivuta mara mbili tatu, akasema bila kunitazama, "Ita mzee ya ng'ombe."

Mzee wa ng'ombe alikuwa Mkipsigis mrefu wa makamo, na alikuwa ameshaambiwa kwamba ng'ombe wake wa kukokota watauzwa mwisho wa mwezi kwa sababu ya trekta hii hii. Nilipomfikia alikuwa anakunywa uji. Nilimwambia trekta imekwama. Akamaliza uji. Akaosha kikombe. Akawafunga ng'ombe nira, mmoja mmoja, akizungumza nao kwa lugha yao, na tulipofika bwawani alisimama tu kumtazama bwana pale juu akiwa na kiko chake katikati ya maji.

"Habari, mzee," bwana akasema.

"Mzuri, bwana," mzee akajibu.

Ng'ombe walivuta. Trekta ikatoka na bwana akiwa bado juu yake, akishika usukani kama ndiye anayeendesha. Habari za kuwauza wale ng'ombe hazikusikika tena. Hakuna aliyetangaza kwamba hawauzwi. Mwisho wa mwezi ulifika ukapita.

Bwawa lilijaa. Tulipanda mayungiyungi yaliyong'olewa ziwani, bata weupe wakafika kwa gari moshi ndani ya kreti, na memsabu akawa na maji yake. Mke wangu, aliyekuwa akichota ziwani na kupanda na debe kichwani kila siku, alikuja akasimama kando yangu kuyatazama.

"Tunaweza kuchota hapa?"

"Hapana. Ni ya kuangalia."

Aliyaangalia. "Basi nimeshayaangalia," akasema, akachukua debe lake akashika njia ya ziwani.

Sasa nije kwenye asubuhi ya kiboko. Lazima mjue kwamba kwetu shambani neno hilo lilikuwa na maana mbili. Kuna mnyama, na kuna ule mjeledi unaotengenezwa kwa ngozi yake, na kati ya viwili hivyo tulioufahamu zaidi ni mjeledi. Bwana wetu hakuupenda, lakini nyapara alikuwa nao, ukining'inia ukutani mwa stoo. Kwa hiyo mpishi alipotoka mbio jikoni alfajiri akipiga kelele, "Kiboko! Kiboko!", hakuna mtu aliyekimbilia bwawani. Sisi sote tulikimbilia kazini. Wakamuaji walikamua, mimi nikaanza kupiga starta ya trekta, na mpishi maskini akabaki peke yake uani akipunga mwiko.

Tulipoelewa, tulikwenda kuona. Katikati ya mayungiyungi palikuwa na pua mbili, masikio mawili na macho mawili. Bata walikuwa wakielea kando yake bila wasiwasi wowote. Mara akainuka kidogo, tukauona mgongo: dume ambalo bado halijakomaa, na mgongo wote ulikuwa na makovu mabichi, marefu, mekundu. Maji ya ziwa yalivyopungua, viboko walisongamana na kupigania nafasi, na huyu alikuwa ameshindwa. Alitembea usiku kutafuta pa kwenda, akakuta kidimbwi ambacho hakina mwenyewe mwenye meno.

Bwana alichukua bunduki. Memsabu alitoka barazani akiwa bado na nguo ya kulalia, akaona yale makovu, akamshika bwana mkono.

"Hapana piga," akasema, na sijui kwa nini alisema kwa Kiswahili, labda alitaka na sisi tusikie. "Maskini. Yeye nafukuzwa na ndugu yake. Yeye iko hapana nyumba."

Mpishi aliyekuwa amesimama nami alikohoa. Nilijua anafikiri nini kwa sababu mimi pia nilikuwa nikifikiria yale malori yaliyomchukua mtunza bustani. 

Kiboko akabaki. Mchana alilala majini na usiku alitoka kula. Kiwanja cha nyasi alikikata vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kukikata, halafu akaenda kwenye lusini. Alifanya haja kubwa akiichapa kwa mkia, ikasambaa hadi kwenye ukuta wa nyumba, na memsabu akasema ni mbolea nzuri kwa mawaridi. Wageni waliacha kutikisa vichwa kwa huzuni. Walitoka hata Gilgil na Nakuru kuja kunywa chai na kutazama. Hata yule afisa kijana wa doria alikuja siku moja ya Jumapili, amevaa kiraia, akanisalimu, akauliza kama bado hakuna anayelala kwenye shimo.

"Huyu ndiye skwota wa kwanza wa shamba hili," mpishi aliniambia, "anayekula, anayelala, na hajaulizwa kipande."

Mpishi alikuwa na sababu ya uchungu. Mlango wa jikoni ulifunguka moja kwa moja bwawani. Kiboko alikuwa akitoka majini jua linapozama, saa ile ile ambayo mpishi alikuwa akimaliza vyombo na kutaka kwenda kwake laini, kwenye nyumba za wafanyakazi. Jioni ya kwanza alijaribu kupita kando ya ukuta na kiboko akafungua mdomo tu, hakufanya zaidi, lakini mpishi alilala jikoni juu ya gunia la viazi. Siku iliyofuata alimwendea memsabu na kofia mkononi akamwambia ataacha kazi. Memsabu alimtazama kwa mshangao, kisha akampatia ufumbuzi.

Ufumbuzi huo ulikuwa mimi. Tangu siku ile, kila jioni, nilikuwa nikiwasha trekta, nikirudi nyuma hadi mlangoni mwa jikoni, na mpishi akapanda juu ya karai la chuma na aproni yake nyeupe, ameshika kandili, tukateremka hadi laini mbele ya watu wote wakiwa wameketi nje ya nyumba zao. Hakuwahi kutazama kushoto wala kulia. Watoto walimpigia saluti. Baada ya wiki moja nilimwona anawajibu. Mimi nilipata mkate uliobaki mezani, wenye siagi, na kwa kweli nyumbani kwangu hatukuwahi kula vizuri kama wakati wa kiboko.

Mke wangu ndiye aliyekataa kuzoea. Alisema mnyama ni mnyama, na kwamba kwao kiboko alimuua mjomba wake majini bila kugombana naye. "Siku moja," alikuwa akisema, "watakutuma umpeleke chai."

Haikuwa chai. Memsabu alianza kuona kwamba kidimbwi ni kidogo. Kiboko alikuwa anapona, ananenepa, na akigeuka maji yanamwagika pande zote mbili na bata wanatupwa nyasini. Mayungiyungi yalikwisha zamani. Jioni moja niliitwa barazani.

"Dreva," bwana akasema, "bwawa iko kidogo. Kesho nachimba upande ile."

"Na kiboko, bwana? Tutamtoa kwanza?"

"Hapana. Mchana yeye nalala."

Nilisema mnyama huyu anaua watu. Nilisema kwa heshima, lakini nilisema, na memsabu akatabasamu akaniambia, "Yeye napenda wewe. Yeye nasikia trekta kila siku." Bwana akaongeza kwamba atakaa pale na bunduki.

Ningeweza kukataa. Ningefukuzwa, na wakati ule mtu mwenye kipande kilichoandikwa vibaya hakupata kazi tena katika bonde lote. Nilimwambia mke wangu usiku ule. Hakunigombeza. Alinipikia kuku, na hilo lilinitisha kuliko ugomvi.

Asubuhi bwana alitoa kiti chake cha turubai akakiweka nyasini, bunduki mapajani. Memsabu alikaa barazani, meza ya chai mbele yake. Mpishi aliweka birika, akarudi jikoni na kufunga mlango kwa komeo. Nilianza kuchimba mwisho wa mbali, nikienda mbele na kurudi nyuma, shingo imegeuka muda wote hadi ikakakamaa. Pua mbili zilikuwa zimetulia juu ya maji. Nilikwenda, nikarudi. Nilianza kuamini kwamba labda kweli ananipenda.

Kisha nilirudi nyuma kupita kiasi. Kona ya karai iligusa maji. Masikio yakageuka, pua zikazama, na maji yakapanda kama mtu ameinua blanketi. Sikuona akija. Niliona mdomo, mwekundu, mpana kuliko mlango, na meno yakafunga juu ya lile karai la chuma kwa sauti ambayo hata leo nikisikia geti la chuma likibamizwa hugeuka kutazama nyuma. Trekta nzima iliinuka mbele. Niliruka. Nilianguka kwenye mawaridi ya memsabu, mguu ukapinda chini yangu.

Trekta haikuwa na akili ya kuruka. Ilikuwa katika gia ya nyuma na iliendelea kurudi nyuma, injini ikinguruma. Kiboko aliachia karai akaruka kando kwa wepesi ambao sikuufikiria, na trekta ikampita ikaingia bwawani kitako kwanza. Wakati huo ndipo bwana alipopiga risasi. Alikuwa mlenga shabaha hodari, walisema. Risasi yake iliingia kwenye rejeta ya trekta. Mvuke ukatoka, injini ikakohoa, ikazama, likabaki bomba la moshi tu juu ya maji.

Kiboko alipanda ukingoni. Alivuka kiwanja cha nyasi, akapita katikati ya meza ya chai ambayo memsabu alikuwa ameiacha kwa kukimbilia ndani, akapita kando ya lile gati, akateremka uwanda mzima kwa mbio zile za miguu mifupi. Mafunjo yalifunguka, yakafunga. Mafuta ya taa tuliyokuwa tukitumia kwenye trekta yalianza kutandaa juu ya bwawa kwa rangi za upinde wa mvua, na bata wakatoka mmoja nyuma ya mwingine, weusi kwa matope na mafuta hadi kifuani.

Nililala palepale kwenye miiba nikiwasikia.

Bwana alisimama ukingoni akasema, "Trekta yangu. Mungu wangu, trekta yangu."

Memsabu alitoka barazani akilia. "Wewe napiga yeye? Iko damu?"

Komeo la jikoni likafunguka. Mpishi alikuja, na aproni yake nyeupe, akapita nyuma ya bwana na mbele ya memsabu, akaingia katikati ya mawaridi akainama.

"Dreva," akasema. "Uko mzima?"

Niliona haya, kwa sababu machozi yalinitoka. Nilimwambia ni vumbi. Akasema ndiyo, kuna vumbi. Akaniinua akanibeba mgongoni hadi laini, mtu mnene yule, akihema, njia ile ile ambayo nilikuwa nikimpeleka, na watu wakasimama milangoni kututazama. Hapakuwa na mtoto aliyepiga saluti.

Mke wangu alinikanda mguu kwa maji ya moto na chumvi. Kisha akanifunga kitambaa.

"Kiboko ameondoka," hatimaye akasema. "Hakuaga mtu, na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Sisi je?"

Trekta ilitolewa na ng'ombe, nilisimuliwa. Mimi sikuwepo, na mzee mwenyewe hakupenda kulizungumzia. Nilipoanza kutembea kwa fimbo niliifungua injini kipande kwa kipande, nikaikausha juani, nikaziba rejeta, na ikawaka. Karai lilibaki na alama za meno. Bwana alikuwa akiwaonyesha wageni alama zile, na katika masimulizi yake dreva alikuwa haonekani, trekta ilikuwa ikijiendesha. Memsabu hakupenda tena kukaa nyuma ya nyumba. Baadhi ya jioni nilimwona amesimama mwisho wa bustani akitazama mafunjo, na siku moja nilipopita alisema, si kwa kuniamuru jambo, "Yeye hapana rudi." Nilimwambia hapana, memsabu, hatarudi. Nilimhurumia. Nilishangaa kwamba nilimhurumia, na bado nashangaa.

Mwaka ule ule nilisikia kwamba kule Kariandusi, wanakochimba ule udongo mweupe mwepesi kama unga, wanataka dreva. Nilikwenda kuaga. Bwana alikuwa chini ya trekta na spana, akatoa kichwa tu. Akaniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia. Alifikiri kidogo, akijifuta mafuta kidevuni.

"Kariandusi mzuri," akasema. "Wewe dreva mzuri sana. Lakini hapana karibu na maji."